Mchwa Huzuiwa Kabla ya Jamvi
Hotuba kwa wakazi wanaojenga katika mitaa mipya ya Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa serikali ya mtaa, viongozi wetu wa dini, mafundi wenzangu, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari: Mbukwenyi! Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kuona mmejitokeza wengi hivi siku ya mapumziko.

Nimeombwa nizungumzie mchwa na nyumba. Mimi ni mtu wa majengo. Kazi imeniingiza katika nyumba nyingi za mji huu, mpya na za zamani, na inayoniumiza moyo si ile iliyochakaa kwa uzee. Inayoniumiza ni nyumba changa, rangi yake haijapauka, mwenyewe bado anakatwa mshahara na benki, na ukibonyeza fremu ya mlango kwa kidole gumba kidole kinazama. Kwa nje fremu imepakwa vanishi na inang'aa. Ndani ni udongo mtupu. Mama mwenye nyumba anasimama pale ananiuliza, "Sasa baba, tuanzie wapi?" Jibu la kweli ni kwamba pa kuanzia palikuwa chini ya sakafu anayoikanyaga, na pameshafunikwa.

Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mmeona wenyewe mji ulivyopanuka. Iyumbu, Nzuguni, Nala, Mkonze, Ihumwa: sehemu kubwa ya maeneo hayo ilikuwa pori na mashamba ya mtama na alizeti. Kiwanja kikapimwa, jiwe la mpaka likafukiwa, mtaa ukapata jina. Mchwa aliyekuwa chini ya ardhi ile hakuhama. Alikuwa akila matawi makavu ya migunga, nyasi zilizokauka na mabua shambani. Sisi tukang'oa migunga, tukafyeka nyasi, halafu tukamletea paini ya Mufindi, milango ya mninga na makabati ya ukutani. Tumeondoa chakula chake chote tukabakiza kimoja, nacho ni nyumba.

Nina jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote yatalifuata hilo. Fedha ya kupambana na mchwa itumike chini, kabla jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, halijamwagwa. Ukiitumia pale, inatosha kidogo. Ukingoja uone udongo ukutani, utalipa mara nyingi zaidi na bado hutakuwa na uhakika.

Ili hilo lieleweke, tumjue kwanza huyu mdudu.

Mchwa wanaotusumbua zaidi huku bara ni wa ardhini, wale ambao wataalamu huwaita Macrotermes na Odontotermes. Ni ndugu wa mende kiukoo, si wa sisimizi wala siafu, ingawa wote wanaishi kwa makundi. Kibarua wa mchwa hana macho, na ngozi yake ni laini mno. Jua na upepo mkavu humwua upesi. Ndiyo maana hamumwoni akitembea waziwazi ukutani. Anajenga kijia cha udongo uliochanganywa na mate yake, anapita ndani ya kijia hicho na unyevu wake, gizani. Kwa hiyo msemo wa kwamba "nyumba yangu ni kavu, mchwa hawezi kukaa" haumhusu mchwa wa Dodoma. Unyevu anakuja nao.

Mbao anayoikata haimshibishi hapo hapo. Anaibeba hadi kwenye kiota na kuilimia uyoga. Ni uyoga huo unaoilainisha, ndipo mchwa wanakula. Wengi wenu mnaufahamu, maana mvua zikinyesha unachipuka kwenye vichuguu na tunaupika. Kiota chenyewe kinaweza kuwa mbali. Njia zao za chini hufika makumi ya mita kutoka kwenye kichuguu, hivyo mchwa anayekula mlango wako huenda anaishi kiwanja cha jirani, au ng'ambo ya barabara. Na malkia mmoja wa aina hii hutaga maelfu ya mayai kwa siku na huishi miaka mingi. Kuua vibarua mia kwa dawa ya kupuliza ya makopo ni kazi ambayo malkia anaifidia kabla hujamaliza kunywa chai.

Niseme na hili, kwa sababu nisingependa mtoke hapa mkaanze kubomoa kila kichuguu mnachokiona. Dunia ina aina zipatazo 3,000 za mchwa, na zinazoharibu majengo ni chache. Wengine wote wanafanya kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya katika nchi kavu kama hii: wanaozesha majani na miti iliyokufa, wanatoboa ardhi ngumu maji ya mvua yapate kuingia, na udongo wa vichuguu vyao tunautumia kufyatulia tofali na kurutubishia mashamba. Kichuguu kilicho shambani kwako, mbali na nyumba, kiache. Ugomvi wetu na mchwa uko kwenye eneo la nyumba tu.

Sasa nije kwenye namna tunavyojenga. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo tunapopoteza.

Vitabu vya ujenzi vinaeleza kana kwamba nyumba inajengwa kwa mwendo mmoja: unachimba msingi, unaweka dawa, unamwaga jamvi, unapandisha kuta, unapaua, unahamia. Sisi hatujengi hivyo. Mwaka huu tunachimba na kujenga msingi. Mwakani, alizeti ikilipa au mkopo wa SACCOS ukitoka, tunapandisha kozi kadhaa. Ada za shule zinaingilia, kunatokea msiba, kuta zinasimama bila paa miaka. Hakuna aibu katika hilo. Nyumba nyingi za nchi hii zimejengwa hivyo hivyo kwa jasho la watu waaminifu. Lakini kila mwaka ambao pagala linasimama, mchwa anapata nafasi, na anaipata kwa njia tatu ninazozikuta karibu kila kiwanja.

Ya kwanza ni dawa kuwekwa mapema. Mtu amemaliza kuta za msingi, fundi anamwambia, "Bosi, tupige dawa ya mchwa kabisa." Dawa inanyunyizwa kwenye kifusi, yaani udongo uliojazwa ndani ya msingi, halafu kazi inasimama kwa kukosa fedha. Jua la Dodoma linaichoma dawa ile, mvua za Desemba hadi Aprili zinaisafirisha, kuku wanachakura, watoto wanachimba. Siku jamvi linapomwagwa, pengine miaka miwili baadaye, hakuna kinga tena pale, ila mwenye nyumba anaamini ipo. Dawa ya udongo iliyofunikwa na zege hudumu miaka mingi. Iliyoachwa wazi huisha haraka. Kwa hiyo kama huna saruji ya jamvi mkononi, usinunue dawa. Iweke fedha hiyo. Dawa inyunyizwe kifusi kikiwa kimeshashindiliwa, ikikauka kidogo nailoni itandikwe, na zege lifuate bila kukawia. Na kama wingu limetanda, ahirisheni.

Ya pili ni chakula tunachomzikia wenyewe. Nenda kwenye pagala lolote uangalie chini: mabanzi ya boksi za lenta, vipande vya mirunda, mifuko ya karatasi ya saruji, visiki ambavyo hakuna aliyetaka kuvichimba. Siku ya kujaza kifusi, vyote vinasukumiwa ndani kwa sababu kuvibeba nje ni kazi. Ndugu zangu mafundi, nawaomba kama mwenzenu: msifanye hivyo. Ukizika mbao chini ya jamvi umemwita mchwa, umemlisha, na umemwonyesha njia. Kibaya zaidi ni vile vigingi vya kupimia usawa wa zege. Kigingi kinapigiliwa ardhini, zege linamwagwa kukizunguka, na hakuna anayekumbuka kukitoa. Baada ya miaka michache kigingi kimeliwa chote, na mahali pake pamebaki tundu lililonyooka kutoka udongoni hadi chumbani kwako. Tumieni vigingi vya chuma, na mvitoe zege likiwa bado bichi.

Ya tatu ni miti ya ndani ya pagala. Kichaka kinaota sebuleni, mizizi inaingia kwenye kifusi, mwenye nyumba akirudi na fedha anakifyeka juu tu na kuendelea. Kichimbeni na mizizi yake.

Tuseme sasa uko tayari, fedha ya jamvi ipo. Kazi inakwendaje?

Udongo wa juu wenye nyasi na mizizi utolewe, sentimita 15 hivi, wakati wa kusafisha kiwanja. Kama ndani ya mistari ya nyumba kuna kichuguu, kukisawazisha kwa greda hakutoshi. Kiota cha Macrotermes huwa na sehemu kubwa chini ya usawa wa ardhi. Kichimbwe hadi ufikie vyumba vya uyoga na chumba cha malkia, ambacho mtakijua kwa udongo wake mgumu sana. Mtoeni. Lakini msiishie hapo mkapiga vigelegele, kwa sababu baadhi ya makundi huweza kupata malkia mwingine. Shimo litibiwe kwa dawa, lijazwe udongo safi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, vinginevyo jamvi litabonyea mahali pale na kupasuka.

Halafu kipimo cha dawa. Kipimo cha kawaida cha kutibu udongo chini ya jamvi ni lita 5 za mchanganyiko, yaani dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji, kwa kila mita moja ya mraba. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Hizo ni mita za mraba 120, maana yake lita 600. Pampu ya mgongoni hubeba lita 20. Basi kibarua anatakiwa ajaze pampu ile mara 30, na hapo hujahesabu mfereji unaoizunguka nyumba kwa nje, ambao nao unahitaji dawa yake. Kwa hiyo akija mtu na pampu moja, akazunguka mara mbili tatu, akapokea fedha na kuondoka kabla jua halijawa kali, huyo hakutibu msingi wako. Kaeni pale mhesabu pampu. Nasema hivi kwa uzito kabisa: kati ya yote nitakayosema leo, hesabu hii ndogo ndiyo itakayowaokoa wengi.

Pembeni mwa kuta, mahali ukuta wa msingi unapokutana na kifusi, na kila mahali bomba la choo au la maji linapopenya, paongezwe umakini. Mchwa hapendi kutoboa katikati ya jamvi. Anafuata kingo na maungio. Mabomba yawekwe yote kabla ya dawa. Fundi bomba anayekuja baadaye na tindo, akatoboa jamvi, akarudishia udongo wowote, amefungua mlango ambao hutauona kwa sababu umejificha chini ya vigae vya bafuni.

Na zege lenyewe ni kinga. Watu wanaulizia dawa kali wakati jamvi lao lina nyufa. Ufa wa unene wa milimita moja hivi unamtosha mchwa kupita. Zege hupasuka likimiminiwa maji mengi ili lisambae kirahisi, na likiachwa likauke juani bila kumwagiliwa. Kifusi kishindiliwe, zege lisiwe uji, limwagiliwe kwa siku 7 angalau. Kwa jua la hapa, tandikeni magunia yaliyolowa juu yake.

Jamvi liinuke juu ya ardhi. Acheni walau sentimita 15 za msingi zionekane kwa nje, mzunguko wote wa nyumba. Mstari huo ndio mtakaoutazama maisha yenu yote. Mchwa akitaka kupanda, atalazimika kujenga kijia chake hapo mbele ya macho yenu.

Nitagusia mbao. Miti yetu inatofautiana. Kiini cha mninga, mkongo, mvule na mtiki humpa mchwa taabu, na wazee waliojenga matembe hapa Ugogo walijua vizuri nguzo ipi ikatwe porini na ipi iachwe. Lakini kinga iko kwenye kiini, ule mti wa ndani wenye rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe ya nje ya mninga uleule huliwa kama mti mwingine wowote. Unaponunua fremu kwa bei ya mninga ikawa na ukanda mweupe upande mmoja, mwambie seremala akubadilishie, au ukanda huo usielekezwe ukutani na chini.

Kenchi na papi, yaani mbao za paa, zikiwa za paini ziwe zimetiwa dawa kiwandani, kwa shinikizo ndani ya mtungi, si kuchovywa kwenye pipa. Rangi ya kijani peke yake haithibitishi kitu. Kata kipande utazame: dawa iliyoingia vizuri inaonekana ndani ya mti, siyo ngozi ya juu tu. Kila mnapokata mbao hizo kwenye paa, ncha iliyokatwa ipakwe dawa kabla ya kupigiliwa, maana pale mmefungua mti ambao haukufikiwa. Na hili ni la uhai wa watu: vipande vinavyobaki vya mbao za dawa visichomwe, wala asipewe mama lishe kupikia. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu.

Fremu za milango zisimame juu ya sakafu. Mafundi wengi huzamisha miguu ya fremu ndani ya zege ili iwe imara, na ndiyo hiyo ninayoikuta imeliwa kuanzia chini. Ishikwe na vyuma ukutani, mguu wake ukae juu ya zege, wala usiguse udongo.

Kuna anayesema, "Mimi madirisha ni aluminiamu, mageti ni chuma, atakula nini?" Atakula papi za paa, atakula karatasi ya jipsamu darini, na atakula sanduku la nguo lililosogezwa ukutani. Nimeona hati ya kiwanja na vyeti vya shule vya watoto wote wa nyumba moja vimebaki kingo tu, kwa sababu vilikuwa kwenye boksi la karatasi chini ya kitanda. Huwezi kumweleza mzazi maumivu ya kitu kile. Karatasi zenu ziwekeni juu, ndani ya chombo cha chuma au plastiki kinachofungwa.

Kwa mliokwisha kuhamia, msidhani nimewasahau. Nyumba yako ina jamvi tayari, na hujui chini yake kuna nini. Silaha yako ni macho. Kabla ya mvua na baada ya mvua, chukua tochi na bisibisi. Zunguka nje, fuata ule mstari wa msingi. Ingia ndani, gonga fremu kwa mpini wa bisibisi usikilize kama panalia tupu. Fungua chini ya sinki. Panda darini. Ukikuta kijia cha udongo, usikifute chote. Kivunje kipande kidogo, urudi baada ya siku mbili tatu. Kikiwa kimezibwa upya, mchwa wapo kazini, na sasa unajua wanapopita.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watatoka na kuzingira taa. Hilo ni jambo la kawaida na wengi wetu tunawala. Lakini asubuhi ukikuta mbawa zimerundikana ndani ya chumba ambacho madirisha yalifungwa, waliotoka wametoka humo humo. Mtafute mtaalamu. Na kumbikumbi wanaotoka kwenye nyumba iliyopigwa dawa msiwape watoto wala kuku.

Mambo yanayomleta mchwa karibu ni yale yale kila nyumba: kuni zilizoegemezwa ukutani, bustani ya maua iliyopandwa hadi kwenye plasta ikafunika mstari wa msingi, bomba linalovuja wiki hadi wiki, kibaraza kilichoongezwa baadaye bila dawa kikaacha ufa pale kilipokutana na nyumba. Huo ufa wa kibaraza ni njia kuu. Usafishwe, utiwe dawa, uzibwe kwa kitu kinachonyumbulika.

Wakiwa wameshaingia, tiba inayofaa ni kutoboa matundu kando ya ukuta, kila sentimita 30 hivi, na kuingiza dawa hadi kwenye udongo chini ya jamvi, kisha kuziba. Ni kazi ya mwenye mafunzo na vifaa. Zipo dawa zinazomfukuza mchwa, na zipo ambazo hazinusi: anapita, anajipaka, anawaambukiza wenzake kiotani. Ukishapuliza dawa ya makopo kila mahali kwa hasira, unawatawanya watafute njia nyingine, na anayekuja kutibu hajui tena walikuwa wapi.

Sasa oili chafu. Najua inapendwa. Inapakwa kwenye mirunda, kwenye kenchi, wengine wanaimwaga msingini. Mchwa huikwepa ikiwa mbichi, kisha inakauka na kuoshwa, na mbao haikupata kinga ya ndani. Inachobakiza ni masizi na metali za injini kwenye udongo. Maji mengi tunayokunywa katika jiji hili yanatoka visima vya bonde la Makutupora. Tunakunywa kutoka ardhini. Tusimwage kwenye ardhi hiyo kitu ambacho tusingekimwaga kwenye ndoo. Chumvi ya msingini nayo ni hatari ya aina yake: inakula nondo ndani ya zege, unamkimbia mchwa unaikaribisha kutu. Majivu hayadhuru sana, ila mvua moja inayamaliza. Mwarobaini, ambao mji wetu umejaliwa kuwa nao kila kona, una viambata vinavyofukuza wadudu kweli, lakini havidumu ardhini. Kwa ghala la nafaka au kwa miche, sawa. Kwa nyumba unayotaka wajukuu waikute, hautoshi.

Dawa zenyewe zina historia ambayo mjue. Kwa miongo mingi mchwa waliuawa kwa dieldrini, aldrini, klodani na heptaklo. Zilifanya kazi kwa sababu hazikuoza. Zilikaa udongoni, zikaingia kwenye samaki, maziwa na miili ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2004, uliziweka zote nne miongoni mwa kemikali 12 za kwanza za kuondolewa duniani. Mwaka 2025 nchi wanachama zilikubali kuiongeza pia klorpirifosi, ambayo imetumika sana kwenye misingi, huku matumizi machache yakipewa msamaha wa muda. Kwa hiyo atakayekuambia ana "dawa ile ya zamani, kali kweli", ndani ya chupa ya maji isiyo na lebo, anakuuzia sumu ambayo watoto wako wataishi juu yake. Mkatalie.

Nchini kwetu viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyopokea kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu kule Arusha. Dawa halali ina lebo, ina jina la kiambata chake, ina tarehe, na imeandikwa kipimo. Soma kipimo hicho. Anayeichanganya avae glavu, barakoa na buti, asile wala kuvuta sigara akiwa kazini. Kisima kikiwa kando ya nyumba, mwambie mtaalamu kabla hajafungua chupa. Chupa ikiisha itobolewe, isigeuzwe kuwa ya maji wala mafuta ya taa.

Kwa wenye ndugu Tanga, Dar es Salaam au Unguja: huko pwani kuna mchwa mwingine, wa mbao kavu, anayeishi ndani ya kabati au boriti bila kugusa ardhi kabisa. Kwake dawa ya msingi haifai kitu. Dalili yake ni punje ndogo kavu, zenye pande sita ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, zilizomwagika chini ya fanicha. Ukikuta unga laini badala ya punje, huyo ni bungua. Mkisafirisha vitanda vya mitumba kutoka huko, vikagueni kabla ya kuvipakia.

La mwisho ni makubaliano. Mnapoandikiana na fundi, kazi ya mchwa iandikwe peke yake, isifichwe ndani ya bei ya msingi. Iandikwe jina la dawa, lita ngapi za mchanganyiko, siku gani, na kwamba mwenye nyumba au mtu wake atakuwepo. Iandikwe kwamba mabaki yote ya mbao yatatolewa nje kabla ya kifusi. Fundi mwema hataudhika, kwa sababu inamlinda naye siku atakapolaumiwa. Mpige picha kwa simu kila hatua, kabla nailoni haijatandikwa na kabla zege halijamwagwa, mzitunze picha hizo na hati ya kiwanja. Atakayekuja kutibu nyumba hiyo miaka 10 ijayo atazihitaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeambiwa nyuma ya ofisi hii kuna msingi unaotarajiwa kujazwa kifusi wiki hii, na mwenye kiwanja ameturuhusu. Nimekuja na futi, pampu na maji matupu. Naomba tusogee wote pale, mafundi mtangulie, tupime eneo lake na tunyunyize lita 5 kwenye mita moja ya mraba, kila mmoja aone udongo unavyolowa. Maswali nitayapokea huko huko. Asanteni sana kwa kunisikiliza.